Inkongoro ya Nyanya na Kitanda cha Springi

Jumatatu, 11 Julai 1960

Bado nimeolewa. Naandika hivyo kila asubuhi ili nione kama ni kweli, na kila asubuhi ni kweli. Placide Bisengimana, karani wa bandari ya Kalundu, mwenye shingo ndefu na kalamu mbili mfukoni, ni wangu! Leo alirudi mlangoni mara mbili akisingizia amesahau kofia. Hana kofia.

Kasoro moja tu. Siruhusiwi kutoka. Kwetu sisi watu wa milimani, bibi arusi hukaa ndani, hashiki kazi nzito wala havuki uzio, mpaka siku ya gutwikurura, ndugu zake waje na maziwa na kumfunua mbele ya watu. Nchi nzima imepata uhuru majuzi. Mimi bado.

Mama mkwe amepanda milimani leo kuwaita watu wa siku hiyo. Ni mtu wa kanisa kweli kweli. Aliomba mlangoni, amesimama, mpaka nikachoka mimi. Kisha akanionyesha tena ile rafu ya maziwa kwenye pembe ya chumba, na juu yake inkongoro ya marehemu nyanya yake Placide. Ni chombo cha mti cha kunywea maziwa, cheusi, shingo nyembamba, kifuniko cha kusukwa. Mimi na Placide tutanywa humo siku ya kunifunua. Nisikitoe nje. Nisikioshe kwa maji, kwani kinafukizwa moshi tu. Jioni nitie tone la maziwa, kisilale kikavu. Halafu akashusha sauti, akasema bibi arusi asiyekutwa nacho hurudi kwao na mama yake siku hiyo hiyo.

Nikaitika, ndiyo mama. Kichwani nilikuwa na kitanda.

Kitanda chetu ni cha miti na kamba. Placide ni mrefu. Mpenzi wangu hulala amejikunja kama ndoana. Wakati huo huo Wazungu wanakimbilia Usumbura, ng'ambo ya mpaka, na kuacha vitanda vya chuma, vya springi, vyenye vichwa vya shaba! Jirani yangu Anne-Marie, mke wa mvuvi Mvira, mwenyeji wa hapa ziwani, ameniambia juu ya uzio kwamba mmoja wao, Monsieur Hubert, haondoki kabla hajanunua vitu vya kale. Yeye Anne-Marie amempa kasia bovu lililokuwa linashikilia banda la bata. Amemwambia lilikuwa la chifu.

“Weye uko ndani sawa kuku ya mayai,” akaniambia. “Minye niko na mashini ya kushona.”

Nimeisikia hiyo mashini mchana kutwa.

Jumanne, 12 Julai

Nimefikiri kwa akili ya sekondari. Mimi nina inkongoro yangu mpya, zawadi ya shangazi. Nyeusi kidogo nayo. Ikikaa kwenye rafu mahali pa ile ya nyanya, nani atajua? Maziwa hayana macho.

Basi, kabla ya kumwita mteja nikakiandaa chombo cha nyanya. Shuleni Bukavu nilipata zawadi ya usafi, na siwezi kumpa mgeni kitu chenye masizi. Nilikisugua kwa mchanga na sabuni. Maji yakawa meupe. Nikabadilisha, yakawa meupe tena. Nikabadilisha tena na tena, na bado meupe, mazito kidogo, kama maziwa. Sabuni ya siku hizi ni nzuri sana. Chombo kilikuwa cha moto mkononi, ingawa nilikaa kivulini. Mbuzi wa Anne-Marie walifika hadi kwenye maji niliyomwaga, wakasimama, wakarudi kinyumenyume.

Monsieur Hubert akaja na lenzi yake ya kukuzia. Shati halikupigwa pasi. Mpishi wake ameshaondoka. Alikitazama chombo kidogo tu, akasema ni kipya, kinanuka sabuni, kimechongwa mwezi uliopita kwa ajili ya wajinga. Nikamwambia kilikuwa cha nyanya yake mume wangu, na kabla yake cha mama yake nyanya. Akajibu kwamba nyanya wote wa mtaa huu wa Songo wana kazi nyingi wiki hii.

Aliondoka. Mashini ya Anne-Marie ilinyamaza, nikamsikia akicheka ndani kwake.

Placide jioni aliuliza kwa nini nina huzuni. Nikamwambia ni mapenzi. Akanishika mkono wakati wote wa chakula, akala kwa mkono wa kushoto!

Jumatano, 13 Julai

Ushindi!

Tangu alfajiri nilikuwa nafanya kazi ya ajabu: kughushi kitu halisi ili kifanane na kitu halisi. Nimekifukiza moshi wa majani mabichi. Nimekipaka siagi, majivu, kahawa. Nimekigonga kwenye jiwe la mlango kipate kovu la heshima. Kwenye moshi kilitoa jasho. Matone madogo, shingoni, kama ng'ombe aliyekimbizwa.

Nikamtuma Anne-Marie amwite tena Monsieur, kwa ahadi ya kumshonea chochote. Hapana, yeye ndiye ana mashini. Kwa ahadi ya kitu kingine, nimesahau.

Alikinusa, akafumba macho. Akakigonga kwa ukucha. Kikalia, sauti nzuri, ya chini. Akatia mikono mfukoni. Kikalia tena. Akaniangalia, mimi nikamwangalia. Akasema miti mikavu hufanya hivyo.

Akataka historia yake. Nikampa malkia aliyevuka mto Ruzizi na chombo hiki kifuani, akimfuata mchungaji aliyempenda, wote wakafa ng'ambo wakiwa wameshikana. Aliandika kila neno. Nililia mwenyewe. Alipouliza nataka nini, nilikuwa nimeshasema kitanda kabla hajamaliza kuuliza.

Kamiyo ya mizigo ilileta kitanda, ikachukua chombo. Kitanda cha chuma, springi, vichwa vya shaba vinavyoonyesha uso wako umevimba! Inkongoro ya shangazi nikaifukiza nayo na kuiweka kwenye rafu. Kamiyo ilipokata kona nikasikia ndama akilia, karibu sana, kama yuko nyuma ya rafu. Hapa Songo hatuna ng'ombe.

Placide nimemwambia Mzungu anayehama ameamua kuwagawia wake za makarani vitanda. Ameamini. Mwanaume mzuri hivi, na bado anaamini! Tulikaa juu yake tukirukaruka, akanyoosha miguu yake yote kwa mara ya kwanza tangu harusi, akasema anahisi kama bwana mkubwa wa wilaya.

Alhamisi, 14 Julai

Balaa.

Placide amekuja na habari kutoka kwa mtu aliyeshuka milimani. Kwa sababu ya askari na fujo za njiani, ndugu hawatangoja mwisho wa mwezi. Nitafunuliwa Jumamosi hii. Nikafurahi, nikapiga makofi. Akaendelea kuvua viatu, akasema na Nyanya Nyirahabimana anakuja, mdogo wa yule nyanya marehemu. Kipofu. Yeye hakitazami kile chombo, alisema Placide, anakigonga tu na kukisikiliza, na anakijua kuliko anavyowajua wanawe.

Nikaangusha mwiko.

Akasema pia, akinyoosha vidole vya miguu, kwamba Gaju amekauka. Gaju ni ng'ombe wetu aliye milimani, yule mwekundu tuliyepewa na baba yake Placide siku ya harusi. Jana jioni walimkamua, hakutoa hata tone. Hana ugonjwa. Kiwele kimelegea tu kama mfuko mtupu, na ndama analia. Nilimwambia pole. Moyoni nilikuwa na Jumamosi. Mama yangu mzazi atasimama hapa, mbele ya watu wote, na atanirudisha nyumbani kama mzigo uliokosewa anwani. Na Placide atakunja miguu yake peke yake!

Mpango: kama kipofu anasikiliza sauti, basi nitaipa ile ya shangazi sauti. Niliikwangua ndani kwa kisu cha jikoni, nikaigonga, nikaikwangua, nikaigonga. Ilianza kulia vizuri kidogo. Kisha kisu kikatokea upande wa pili.

Sasa sina ya nyanya, na ya shangazi inavuja.

Ijumaa, 15 Julai

Nimetoka. Nasema wazi, maana hakuna atakayesoma. Nilijifunika blanketi la mama mkwe, nikashika fimbo yake ya akiba, nikatembea nimeinama kama bibi kizee mpaka mtaa wa Wazungu ili nimbembeleze Monsieur Hubert, na ikibidi nimrudishie kitanda. Ikibidi sana.

Majivu yalikuwa yanaanguka. Wanachoma majani milimani, kama kila kiangazi, na ziwa halionekani, kuna weupe tu mahali lilipo. Mtaa mzima milango iko wazi. Kwenye nyumba moja meza imeandaliwa, sahani, glasi, mkate umekatwa, hakuna mtu. Mbwa wameachwa. Kila mmoja amekaa kwenye lango lake. Hawakunibwekea. Wote walikuwa wamegeuzia vichwa upande wa barabara.

Mlinzi wa Monsieur Hubert, akiwa amevaa suruali ya Monsieur Hubert, alisema bwana wake ameondoka alfajiri kwa njia ya mpaka wa Kavimvira. Sanduku lake la vitu vya kale alilipigilia misumari mwenyewe, akalikalia.

Basi, yamekwisha. Nililia barabarani, nikasahau kuinama.

Hapo nikaona mbwa wameshuka barabarani, wanalamba kitu. Kulikuwa na mstari mweupe juu ya vumbi, mwembamba kama uzi, unatoka upande wa Kavimvira. Maziwa. Wakati kama huu, mtu anabeba maziwa na kuyamwaga ovyo! Nikaufuata, si kwa udadisi. Ulikuwa unaenda njia yangu. Ulipita mtaa wa Rugenge, ukazunguka shimo la maji machafu kama anavyozunguka mtu mwenye adabu, ukaingia Songo. Anne-Marie alikuwa kwenye uzio wake. Nikangoja anicheke kwa blanketi. Hakunicheka. Alitazama chini, kisha akanitazama mimi, akawaita watoto wake ndani na kufunga mlango. Labda ana homa.

Mstari ulipita chini ya mlango wetu. Nikapangusa miguu, nikaingia.

Kiko kwenye rafu. Cheusi, na kovu la jiwe la mlango. Kimejaa mpaka shingoni, na maziwa ni ya moto. Ile ya shangazi iko chini sakafuni, vipande viwili.

Nilikaa kitandani muda mrefu. Springi zililia. Kisha nikaelewa yote: Monsieur Hubert amejuta! Amesoma tena habari za yule malkia, roho ikamchoma, akamtuma mtu akirudishe. Ni muungwana. Na kitanda hakukiulizia.

Jumamosi, 16 Julai

Nimefunuliwa!

Nitaandika vibaya kwa furaha. Walikuja wote, nyimbo zilisikika tangu barabarani. Mama yangu alininyoa nywele za mbele, akanifunua, Placide akanitazama kama hajawahi kuniona, ilhali ananiona kila siku. Shati lake jeupe! Shingo yake!

Kabla ya hapo walimwongoza Nyanya Nyirahabimana mpaka kwenye rafu. Akagonga mara moja. Akasikiliza. Nikasikia majivu yakigusa mabati. Akatabasamu, akakiita chombo kwa jina, jina la mtu, ambalo sitaliandika hapa. Kisha akanusa na kuuliza nani amempa sabuni. Watu walicheka sana. Mimi nilicheka kuliko wote.

Tukanywa, mimi na Placide, na mama mkwe baada yetu. Alionja, akabaki amekishika mdomoni. Akakiweka chini taratibu. Wachungaji wa kwetu hawahitaji kumwona ng'ombe ili kumjua.

Nyimbo zilipopamba moto akanishika mkono, akanipeleka nyuma ya nyumba.

“Haya ni maziwa ya Gaju,” alisema. “Ulikitoa, mwana wangu.”

Nikaanza kumweleza kuhusu malkia. Akainua kiganja.

“Minye niko muntu wa kanisa, mambo haya sisemi. Leo nasema mara moja tu. Kile chombo hakipotei. Mama mkwe wangu alikiuza mwaka wa njaa, kikarudi. Akakiuza tena, kikarudi. Lakini hakirudi kitupu. Kinakamua kile kilicho karibu na moyo wa yule aliyekitoa. Kinaanza na ng'ombe.”

Nikauliza kinamalizia wapi.

“Weye ulisha ona babu yake Placide?”

Nikasema sijawahi kumwona.

“Hata Placide hakumwona,” alisema. “Alikufa kwa kiu, ziwa liko mbele yake.”

Akanifuta uso kwa kitambaa chake, akaniambia hatamwambia mtu, mimi ni mtoto wa nyumba hii, nisirudie. Nikaapa. Nililia kwa dhati kabisa. Tukarudi kucheza.

Jioni karani mwenzake Placide alileta kichekesho cha siku: watu wa duane wanaokagua mizigo mpakani walifungua sanduku la Monsieur Hubert. Makasia, vigoda, ngoma, na katikati kiota cha majani makavu, yameloa. Alipiga kelele kwamba ameibiwa, misumari yote ikiwa mahali pake. Kwa hiyo hakukirudisha yeye. Ajabu.

Jumapili, 17 Julai

Wageni wamepanda milimani, mama mkwe akiwasindikiza. Mimi ni mtu huru! Nimeenda kanisani kwa miguu yangu, mkono kwa mkono na Placide, na kila mtu alituona.

Wakati wa mahubiri nilitafakari kwa uzito maneno ya mama mkwe. Nimeyapima moja moja. Yana jambo moja ambalo yeye, kwa sababu ya uzee na huzuni, hakuliona.

Chombo kinarudi chenyewe.

Kuna mfanyabiashara Mgiriki karibu na soko anayefunga duka kesho. Amenunua kwa Anne-Marie hata sufuria iliyotoboka. Ana kabati la nguo lenye kioo kirefu, mtu anajiona mzima, kuanzia nywele hadi viatu. Placide hajawahi kujiona mzima. Mwanaume mzuri kiasi kile, na anajijua kwa kipande kipande katika kioo cha kunyolea!

Kuhusu Gaju, nimefikiri pia, mimi si mtu mkatili. Gaju ameshakauka. Huwezi kumkamua ng'ombe mkavu. Kwa hiyo hakuna hasara mpya. Nashangaa hakuna aliyeliona hili tangu mwaka wa njaa.

Nimemwapia mama mkwe, ni kweli. Lakini niliapa sitakiuza. Hiki si kuuza. Ni kuazimisha kwa mtu asiyejua.

Mgiriki alikigonga. Kilichelewa kulia. Nilimpa malkia yule yule, nikamwongezea mapacha.

Jumatatu, 18 Julai

Kabati limefika! Limejaza ukuta wote. Niliamka mapema ili nimwamshe Placide asimame mbele yake. Alisimama, akacheka kidogo. Kioo cha Mgiriki si kizuri sana, kinamwonyesha mtu amekonda, mashavu yameingia ndani. Mimi kilinionyesha sawa.

Hajaenda kazini. Amemaliza maji ya mtungi, akaomba mengine, akamaliza na yale ya kuogea. Midomo imepasuka. Nilipombusu ilikuwa mikavu kama karatasi, na alijaribu kuniambia jambo tamu, naona machoni kwamba lilikuwa tamu, lakini ulimi ulinata. Maskini mpenzi wangu. Kiangazi cha mwaka huu ni kikali mno, na yale majivu.

Nilikimbia kisimani. Niliporudi, mstari mweupe uko uani, unapita chini ya mlango, na kiko kwenye rafu! Safari hii kimejaa hadi kimefurika, maziwa yanatiririka ukutani, ya moto, na hayanuki ng'ombe. Yananuka ile sabuni ya kunyolea ya Placide. Ndiyo matunda ya usafi.

Ninamwinua kichwa sasa anywe maziwa haya. Amefumba mdomo, anatikisa kichwa, ananitazama mimi na chombo. Nimemwambia asiwe mtoto, na ajitahidi apone upesi: Anne-Marie anamjua Mzungu wa mwisho aliyebaki, ana gramafoni, na anapenda sana vitu vya kale. Nimeshamwita aje saa nane. Jioni tutacheza.